Kiherehere Ukutani

Harufu ya chokaa iliyolowa maji hunirudisha nyumbani kwetu, juu kidogo ya Kikatiti, mwezi wa Desemba, ndugu wa mjini wakiwa njiani kuja kula sikukuu. Kila mwaka Baba alileta gunia la chokaa mapema, kisha likakaa kibarazani mpaka apate nafasi ya kupaka. Kwetu sisi watoto gunia lile lilikuwa ruhusa. Ukuta wa sebule ungepakwa upya, kwa hiyo hadi siku hiyo ulikuwa wetu, na Mama, ambaye miezi mingine angekuchapa kwa alama ya kidole tu, alipita na beseni lake kana kwamba haoni. Tulichora kwa mkaa wa jikoni. Mwaka ninaousimulia tulichora maneno, na nusura tumkoseshe Shangazi Naomi mume.

Chanzo kilikuwa Bibi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kinajua ndizi, maziwa na "ongeza kidogo," lakini redioni na kanisani alikutana na maneno yaliyomnyima raha: husuda, bumbuwazi, majivuno. Shangazi Naomi, binti yake wa mwisho, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na bado aliishi nyumbani. Alijaribu kumfafanulia, na Bibi akalalamika kwamba anaelezwa Kiswahili kwa Kiswahili kingine. "Nionyeshe," alisema. Basi Shangazi akaokota mkaa. Mchezo ukapata sheria zake: kila mtu anachora sehemu moja tu kisha anampa mwenzake mkaa, hakuna kufuta, na neno lenyewe haliandikwi. Anayeingia ndani lazima akisie, na akipatia ndiye anayeanzisha neno linalofuata. Bibi, aliyekuja kujifunza, baada ya siku chache akawa msahihishaji. Tulipochora husuda yenye macho ya kutisha alikataa katakata. Husuda, alisema, inakuja na zawadi, inakaa, inakunywa chai. Tukaichorea kikombe.

Kiherehere kilituchukua jioni nzima. Mimi nilichora shingo, ndefu hasa, kwa sababu mtu wa aina hiyo huchungulia yasiyomhusu. Kaka yangu Ombeni akaweka kofia, akidai kwamba huyu hana muda wa kuivua. Shangazi akachora mikono iliyotanuka huku na huku, tayari kupokea kila shughuli ya watu wengine. Bibi alimalizia kwa mdomo, duara kubwa jeusi, na hakuinua mkono mpaka kipande cha mkaa kilipokwisha. Kiherehere wetu alikuwa na urefu wa mtu mzima, kando kabisa ya kiti cha wageni, na tulimpenda kuliko wote.

Wakati huo Shangazi alikuwa na mchumba, Elirehema, fundi magari wa Ngarenaro, kijana mpole mwenye maneno machache. Tulimtaka. Shangazi alimtaka zaidi, ingawa alijitia hajali. Wakwe wangekuja rasmi ukuta ukishapakwa, na neno la mwisho lilikuwa la Mzee Anaeli wa upande wa Momela, baba mkubwa wa Elirehema, aliyemlea tangu baba yake afariki. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kumwona. Akisema hapana, mambo yameisha. Sasa Mzee Anaeli hakuweza kusubiri siku yake. Alikuja wiki nzima kabla, na simu aliipiga akiwa ameshashuka Kikatiti. "Tunasalimia tu," alimwambia Baba. "Msijisumbue." Mama alijisumbua. Alipigilia misumari juu ya ukuta, akatundika kitenge chake kikubwa kuliko vyote, akamwonya kila mmoja wetu kwa jicho.

Walikuja watatu: Elirehema, Mama Ndeshi mke wa mzee, na Mzee Anaeli mbele yao. Alipovuka kizingiti Ombeni alinifinya. Shingo ilikuwa ile ile. Kofia ilikuwa ile ile. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku akimweleza Baba kwamba migomba yake imebanana. Alionja chai, akamshauri Mama kuhusu tangawizi. Baba alipofungua mdomo kumwomba Bibi atuongoze kwa sala, mzee alikuwa ameshasimama. Aliiombea mvua, barabara, migomba yetu na serikali, mikono ikizidi kutanuka, mpaka wa kulia ukanasa kitenge. Kilishuka taratibu. Wakubwa walikuwa wamefumba macho. Mimi na Ombeni hatukuwa tumefumba, kwa hiyo tuliwaona wote wawili bega kwa bega, mikono wazi, midomo wazi, mmoja wa nyama na mmoja wa mkaa.

Baada ya "Amina" wakubwa walifumbua macho. Mzee aligeuka. "Huyu ni nani?"

Baba alikohoa. Shangazi alinishika bega. Nilimwonea huruma.

"Si mtu," Bibi akasema. "Ni neno. Kisia."

Mzee Anaeli hakuwa mtu wa kuliacha swali lipite. Alirudi nyuma hatua chache, akatazama. "Uongozi."

"Bado."

"Busara. Ukarimu. Uinjilisti?"

"Bado, baba."

Elirehema alikuwa ameinamia kikombe, mabega yakimcheza. Ndipo Mama Ndeshi, ambaye tangu aingie alikuwa hajapewa nafasi ya kusema lolote, akaweka kikombe chake chini.

"Kiherehere," alisema.

"Huyu amepata," Bibi akasema, akamnyooshea mkaa.

Mzee alitazama ukuta, akamtazama mkewe, akautazama ukuta tena. "Shingo wameizidisha," alisema hatimaye. Mama Ndeshi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge cha Mama, naye mzee akacheka, kisha akataka kumpokonya mkaa aanzishe neno la pili yeye. Mkewe hakumpa. Posa ilikubaliwa siku hiyo hiyo, kwa sababu mzee hakuona faida ya kungoja tarehe, na Shangazi alikwenda kulia jikoni kwa furaha.

Chokaa haikumfunika Kiherehere vizuri. Mkaa wa Bibi ulipenya, na kila mwaka mvua zikiisha ule mdomo ulirudi. Mzee akija alikaa chini yake akamsalimu, "Habari yako, bwana." Siku hizi nyumba ina umeme na dari ya jipsamu, na familia ina kundi kwenye simu, ambako furaha, husuda na msiba hutumwa kwa vikaragosi vilivyochorwa na watu tusiowajua. Nami huvituma, ni rahisi, lakini hakuna anayegombana juu ya kikombe. Bibi hayupo. Mzee Anaeli tulimzika mwaka jana, na picha iliyopatikana msibani ilikuwa ya kitambulisho, amefunga mdomo, hata wajukuu wakauliza ni nani. Desemba iliyopita Ombeni alileta fundi kutoka mjini na rangi ya ndoo, ile isiyopitisha kitu. Mama Ndeshi alikuwa amekuja kutusalimia. Alipomwona fundi akichovya brashi, aliinuka na fimbo yake, akasimama mbele ya ule mdomo.

"Kwingine kote paka," alimwambia. "Mume wangu niachie."