Moshi wa Kanini Uliouzwa

Kanini wa Mashimoni alijulikana kwa muthokoi. Mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, yamechemka tangu asubuhi mpaka yakalainika kabisa, si ile ya haraka haraka ya kuvunja watu meno. Saa kumi na mbili jioni wajenzi na mama fua walipanga foleni mlangoni na mikebe yao. Sufuria hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wake wawili, maana mumewe, Musau, alikuwa kibarua wa kiwanda cha chuma kule Industrial Area, leo anaitwa, kesho anarudishwa langoni.

Basi wakaja watu wa mradi. Ati makaa yanaharibu hewa ya dunia, kila mtu alete jiko lake apewe la spiriti, bure. Nani hukataa cha bure? Waliandikishwa ploti nzima, milango kumi: mmoja akirudia makaa, wote wananyang'anywa. Kanini akapiga kidole kwenye karatasi asiyoisoma, na jiko lake likapondwa kwa nyundo akiangalia. Alijitia kitanzi mwenyewe, maskini.

Jiko la spiriti halina ubaya, kwa chai na mayai. Lakini muthokoi ni moto wa kutwa! Spiriti ya siku nzima iliisha maharagwe yangali magumu kama kokoto. Wateja wakaanza kupungua. Wiki ya tatu akaenda Kawangware kwa dadake, Kasiva, akaazima jiko la makaa na kulificha ndani ya gunia, utadhani ameiba.

Celine, mkaguzi wa mradi, alilikuta linawaka mchana wa Jumanne. Hakuwa mkali. Alieleza kwa upole kwamba ule moshi ambao Kanini aliahidi kutoutoa ulishauzwa, na aliyeununua ni kiwanda, kile kile cha Musau, ili nacho kihesabiwe kimepunguza moshi wake hata kikiendelea kuutoa.

Kanini alishikwa na hasira. Yeye ndiye aliyefua mashati ya Musau, maji yakitoka meusi tititi. Yeye ndiye aliyesikia kikohozi chake usiku.

"Kwa hivyo huko pia mmewavunjia jiko?"

"Hapana, mama. Wao wamelipia."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, husema watu. Ya Kanini nani alimpa? Majirani walikuwa wamesimama milangoni, kila mmoja akiwaza jiko lake. Jawahir wa mlango wa pili, rafiki yake wa miaka tisa, akamletea jagi la maji. Kanini akalimwaga kwenye makaa.

Wateja walipofika aliwaambia hakuna leo, na kesho hakuna.

Musau alirudi akicheka, jambo ambalo halikuwa limeonekana mwaka mzima. Kiwanda kinawasha tanuru la pili, akasema, na amepewa zamu ya kila siku. Kanini akamshukuru Mungu, maana watakula nini tena, kisha akaketi kitandani akalia.