Don Arcesio Auza Willys Yake

Don Arcesio Loaiza alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na aliamini hakuna ajuaye. Sisi wa kitongoji cha La Mirla tulijua tangu miaka miwili nyuma. Tulinyamaza kwa sababu hakuna gari lingine lililokubali kupanda mlima wetu, na kwa sababu tulimpenda.

Mimi huuza arepa, vile vimkate vya mahindi, sokoni Pijao. Kila Jumamosi nilirudi nyumbani nimesimama kwenye bampa ya nyuma ya Willys yake, jipu ya mwaka hamsini na nne, na wenzangu watatu, tumeshika vyuma vya turubai. Kazi yetu ilikuwa kupiga porojo.

"Ovidio naye! Ng'ombe wake kalala tena katikati ya njia!"

Don Arcesio anakanyaga breki.

"Jamani, mvua imekula ukingo wa kushoto, hata mbuzi hapiti."

Anavuta usukani kulia, kisha anatugombeza: "Nyie kasuku, hebu niacheni niendeshe!"

Najua ulikuwa upumbavu. Angalau alikwenda polepole.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwezi Machi alitakiwa kupimwa macho kwa ajili ya leseni, naye akaamua kuuza gari kabla ya siku hiyo. Alikuwa ameendesha miaka arobaini na mitatu bila kumwangusha abiria hata mmoja. Alitaka kuuacha usukani ule akiwa bado na jina lake la udereva, asihurumiwe na mtu.

Akaja mnunuzi kutoka Génova, Yolima Giraldo, mwanamke wa miaka thelathini hivi. Kwetu Willys hainunuliwi kwa kutazamwa. Mwenyewe huijaza mzigo, akampandisha mnunuzi mlimani, ndipo bei itajwe. Kwa hiyo don Arcesio ilibidi aendeshe na mgeni kando yake. Niliogopa kuliko yeye.

Tulipanda na mifuko kumi ya mbolea na watu wanane. Tuliongea mpaka koo zikakauka. Kwenye kona ya msalaba nikaona lori la maziwa linashuka.

"Lori la Efraín hilo! Leo kachelewa, au mkewe kamfungia mlango?"

Don Arcesio akabana pembeni, lori likapita. Yolima akageuka, akatutazama mmoja mmoja. Nikasema moyoni, tumekwisha.

Akageukia mbele tena. "Don Arcesio, lile jiwe pale kulia ni la siku nyingi?"

"La siku nyingi, mwanangu," akajibu, akalikwepa.

Ningeweza kumbusu yule mwanamke.

Kule juu don Arcesio akataja bei: "Milioni thelathini na tano, na haipungui hata peso."

"Sawa. Ila kushuka naendesha mimi."

Wakapeana mikono. Don Arcesio alikataa kukaa mbele. Alitaka kusimama nasi kwenye bampa, maana miaka yote ile hakuwahi kujua huko nyuma kukoje. Alicheka kama kijana upepo ulipompiga usoni.

Yolima aliendesha vizuri. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ng'ombe wa Ovidio alikuwa palepale. Akampigia honi, akamzunguka. Sisi tulishika vyuma tu.

Don Arcesio akanigeukia. "Rubiela, mbona kimya leo?"

Mimi, ambaye mama yangu alisema nilizaliwa nikiongea, nilikuwa bado natafuta uongo. Mzee Misael, mmoja wa wenzangu wa bampa, akajibu bila kufikiri:

"Huyu dereva si anaona, don Arcesio."

Nilitamani kumsukuma Misael bondeni.

Tukapita kona mbili. Kisha mkono wa don Arcesio ukapapasa chuma mpaka ukaupata wangu, ukaushika.

"Na mimi nilikuwa nawagombeza," akasema.