Diwani na Mama Mkwe

Siku ya ujana wangu ambayo hadi leo nikiikumbuka nacheka peke yangu, mwanangu unayejiandaa kuolewa, ni ile mama mkwe alipotoka kijijini kwake Mbingu kuja kunitembelea kwangu Lipangalala, mara ya kwanza tangu niolewe. Aliingia sebuleni, nikapiga goti, nikamwamkia. Alisimama akikodolea macho ukutani.

Pale ukutani palikuwa na tangi langu la kioo, na ndani yake kambale mrefu kama mkono wangu. Nilimnunua kwa wavuvi wa mtoni akiwa hai, bado mdogo, nikamweka pamoja na perege wadogo ili wawe wenzake. Kulipokucha nilimkuta peke yake, tumbo limetuna. Tangu hapo tukamwita Diwani, kwa zile sharubu zake na kwa kutoshiba. Majirani walinicheka sana, lakini nilimpenda, na sikuona sababu ya kuficha.

Marahaba ilikuja baadaye, na swali nyuma yake. "Mkwe, huyo unampika leo au kesho?"

"Kuku nimeshachinja, mama."

"Kuku wa nini, na samaki mzima huyo amekaa? Mimi mgeni nile kuku, yeye aendelee kuogelea?"

Sasa elewa nilivyobanwa. Kwetu mgeni hanyimwi kilicho bora nyumbani, sembuse mama aliyemzaa mume wangu. Nikikataa, jina langu litaharibika Mbingu nzima. Nikikubali, Diwani anaingia sufuriani. Nikamtazama mume wangu anisaidie, naye ghafla akawa na kazi kubwa ya kutafuta rimoti ya televisheni.

Nikajipa moyo, nikapiga goti tena. "Mama, ni wako. Ila nakuomba ukae naye hadi jioni, umlishe kwa mkono wako. Jioni ukiniambia nilete kisu, nitamkata mwenyewe bila kununa."

Aliguna, akakubali, nadhani kwa kuwa alikuwa na njaa ya samaki na hakutaka ugomvi. Nikampa bakuli la utumbo wa kuku. Alipodondosha kipande cha kwanza, Diwani alikidaka kwa kishindo, maji yakamrukia mama usoni. Nikajua nimekwisha. Mama akacheka! Akadondosha kingine. Akapitisha kidole kwenye kioo, Diwani akakifuata kwa sharubu zake, huku na huku.

Mimi nikaenda zangu jikoni. Baada ya muda nikasikia mama anaongea, nikadhani jirani ameingia. Kuchungulia, yupo peke yake kwenye kigoda, anamsimulia Diwani kwa Kipogoro habari za shamba la mpunga, za nguruwe pori, na za marehemu baba mkwe. Nyumba yake kule ilikuwa kimya, mwanangu, na sisi hatukuwahi kumuuliza.

Jioni nilileta kisu na ubao. Nilikuwa nimeahidi, na ningemkata kweli. Mama akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Rudisha kisu chako! Nimweleze mambo yangu yote, halafu nimle?" Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe, huoni Diwani hata akigeuka anagonga mkia kwenye kioo? Kesho tafuta fundi wa vioo atengeneze tangi la maana. Hiyo televisheni ipelekeni chumbani."

Nilipiga kigelegele palepale mpaka majirani wakatoka nje! Televisheni ikahama, Diwani akapewa ukuta mzima. Tangu siku ile mama hakuniita mkwe tena, aliniita mwanangu, na mtu akinisema vibaya Mbingu alikuwa anajibiwa na yeye.

Basi nisikilize. Unachokipenda usikifiche kwa kuogopa maneno, wala usikitetee kwa kumpandishia mkubwa sauti. Mpe heshima yake yote, kisha mpe muda akione kwa macho yake. Ukiahidi, uwe tayari kutimiza kweli, maana watu wazima wanamjua anayewachezea. Na kiumbe yeyote unayemfuga, mwandalie nafasi ya ukubwa atakaofikia, si ule aliokuja nao. Hilo nilifundishwa na mama, nami nalikubali.

Mungu akupe goti jepesi na moyo usiotishika, na huko uendako wakupokee kama mkwe, wakulilie kama binti yao siku utakaposafiri.