Mkono Wangu na Mtani wa Kliniki

Mimi ni kinyozi wa Gongoni, na kinyozi anayetetemeka mkono anafukuza wateja kuliko mbwa mkali. Mkono wangu wa kulia ulianza wiki tuliyomzika mke wangu. Wateja wakakumbuka ghafla kwamba wanafuga nywele. Hata mzee mmoja mwenye kipara alikumbuka hivyo.

Hospitali walinipima, wakaona mishipa haina neno, wakanipa vidonge na kunielekeza kwa mshauri, kijana anayetibu kwa mazungumzo. Niseme haki: alikuwa na adabu. Tatizo lilikuwa hiyo adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Sasa ukishapokea shikamoo ya mtu, utamwambiaje kwamba unaogopa kitanda chako mwenyewe? Akiniuliza hali, nzuri. Usingizi, mzuri. Mkono nimeukalia. Tukaenda hivyo majuma kadhaa, mimi mzima kabisa kwa mdomo, na dukani hakuna mteja. Pengine kosa lilikuwa langu. Sikusoma sana, nilidhani kujua ni kazi yake.

Siku moja akaniuliza kabila. Nikamwambia Mnyamwezi. Akafunga faili.

"Kumbe mtumwa wangu! Mimi Mgogo, na siku zote umekaa hapo nakuamkia!"

Kwetu hilo halihitaji maelezo. Wagogo ni watani wetu tangu babu zetu wakipita kwao na misafara kwenda pwani, na mtani hakasirikiwi, hata akikuita mtumwa.

"Babu zako walipita kwetu na meno ya tembo mabegani," akasema. "Wewe mkasi unakushinda?"

"Na nyie si mlikuwa mmekaa kisimani mnaomba shanga ndipo mtoe maji?"

"Toa huo mkono ulioukalia. Hilo yai halitaanguliwa."

Nikautoa. Ukatetemeka mezani mpaka kalamu zikaanguka. Akauliza msibani kwetu watani walifanya nini. Nikamwambia hawakuja, kila mtu alikuwa na heshima mno. Basi akavua viatu, akalala sakafuni, akamwigiza marehemu kama watani wafanyavyo msibani, akajifanya ndiye mke wangu: "Uwii, mume wangu, mashati yako nani atayafua? Hata kuyakunja hujui!" Halafu akadai kuku, ada ya mtani. Nesi alifungua mlango, akatazama, akaufunga. Nilicheka mpaka nikalia, na kilio chenyewe kilikuwa kile nilichokikosa makaburini.

Tangu hapo kila nikienda tulitukanana kwanza, halafu namwambia ukweli. Mkono ukapungua kidogo kidogo. Vidonge navyo nilimeza, siwezi kuvinyima sifa yake.

Juzi akaja dukani, akakaa kitini, akataka ndevu. Nilipofika kooni akasema, "Mzee, nisamehe. Mimi si Mgogo, Dodoma nilizaliwa tu. Wazazi wangu ni Wanyamwezi wa Nzega."

Nikasimama na wembe. Maana yake matusi yote yale yalikuwa matusi kweli, na wale babu aliowacheka walikuwa wake pia. Sikujua nani amwombe radhi nani. Wote wawili tukautazama mkono wangu kwenye kioo. Umetulia.

"Usimeze mate," nikamwambia, "mtumwa wee."

"Shikamoo," akasema bila kusogeza midomo.

Sikuitika mpaka nilipomaliza shavu la pili.