Vikombe Sita vya Kushoto na Sita vya Kulia

Kulikuwa na mwanamke mmoja ambaye shemeji yake alizifuta alama zake kwa msasa, akachanganya vikombe alivyovichonga, na mambo yalipoharibika akasimama mbele ya wateja watatu akasema kosa ni la mkono wa mwanamke huyo. Ndivyo ilivyokuwa, wala hakuna namna nyingine ya kulisimulia.

Mwenye mkono huo alikuwa mkerezaji, mtu wa kuchonga mti ukiwa unazunguka kwenye kerezo. Walimwita Bi Msasa, jina alilopewa na wifi yake siku ya kwanza waliyopeana mikono, kwa jinsi viganja vyake vilivyokwaruza. "Wifi, wewe ukimpapasa mtoto shavu utamtoa ngozi," wifi alisema, wakacheka wote, na jina likaganda. Shuleni hakuwahi kuingia hata kwa kufagia. Kukereza alijifunza kwa marehemu mumewe, akiokota maranda chini ya kerezo, mpaka siku moja mume aliumia kidole na miguu minne ya kitanda ikawa inasubiriwa. Akaikereza yeye. Mwenye kitanda hakuambiwa. Tangu hapo nusu ya miguu ya vitanda na mipini ya patasi iliyotoka chumba chao cha kazi ilikuwa kazi ya mke, na sifa zote zilikuwa za mume. Hakulalamika. Alidhani ndoa ndiyo hiyo.

Mume alipofariki, kerezo likabaki naye chumba cha nyuma, lile la kukanyaga kwa mguu. Chumba cha mbele alikaa mdogo wa marehemu, fundi wa redio, watu wakimwita Fundi Waya. Mezani, karibu na mlango, alikaa dada yao, yaani wifi, akipokea wateja na kupiga domo nao mpaka wasahau walichokuja nacho.

Hedifoni zilianza kwa bahati. Mwalimu wa muziki alikalia zake, kikombe kimoja cha plastiki kikapasuka. Fundi Waya akachungulia chumba cha nyuma.

"Shemeji, unaweza kunikerezea kama kibakuli hivi, kikaenea spika hii?"

"Kimoja?"

"Kimoja ndicho kimevunjika."

Alikereza viwili, maana kimoja peke yake kingeonekana kama mtu aliyevaa kiatu mguu mmoja. Mwalimu alipozivaa alinyamaza. Akazivua, akazitazama nje na ndani, akazivaa tena.

"Mpiga gitaa amesogea," alisema. "Zamani alikuwa huko nje barazani. Sasa yuko hapa." Akajigusa katikati ya paji la uso.

Kuanzia hapo wakaja. Watu wenye hedifoni nzuri walizileta zivuliwe plastiki zivalishwe mti. Fundi Waya alifungua, akachomelea waya, akabadilisha mito ya masikio na kupachika sponji nyuma ya spika. Bi Msasa alikereza. Dukani palikuwa na benchi moja la kulinganishia: hedifoni mbili zenye spika za aina moja, moja ya plastiki na nyingine ya mti, na wimbo uleule. Mteja alikaa akivaa hii akivua ile, uso ukibadilika, wifi akimwambia, "Usifumbe macho sana, kaka, utasinzia hapo tukufungie ndani."

Bi Msasa mwenyewe muziki haukumshughulisha. Yeye aliukagua mti. Alikiweka kikombe kitupu sikioni, akakikwaruza kwa nje na ukucha, akasikiliza. Kila jozi aliikata kwenye gogo moja, kipande kikifuatana na kingine, cha chini kikawa cha kushoto, cha juu kikawa cha kulia. Mti ukiwa mzito alipunguza ukuta wa kikombe. Ukiwa mwepesi aliuacha mnene kidogo. Alikwaruza na kukereza, akakwaruza tena, mpaka viwili vijibu sawa. Na kwa kuwa hakujua kuandika, aliweka mikato midogo ndani ya ukingo: mmoja kwa jozi ya kwanza, miwili kwa ya pili, na kuendelea. Kwa cha kushoto mikato ilisimama, kwa cha kulia ililala. Shemeji alilijua hilo. Alionyeshwa zaidi ya mara moja.

Mwalimu aliposema ataleta wenzake wawili waje walinganishe, kinyozi na daktari wa meno, Fundi Waya alitaka wakute jozi sita tayari. Bi Msasa alikereza wiki tatu. Akampa vikombe kumi na viwili kwenye sinia, vimepangwa viwiliviwili.

Shemeji akaviona vizuri, ila ile mikato ikamkera. Wateja wa aina hii hufungua kila kitu, akawaza, wataona mikwaruzo waseme kazi chafu. Akaisugua yote kwa msasa, kikombe baada ya kikombe, akavirusha kwenye boksi. Kisha akavipaka mafuta. Msaji, mti wa vikombe vile, ukipakwa mafuta hubadilika rangi. Uliokuwa mweupe ukaiva, uliokuwa mwekundu ukawa karibu mweusi, na vya gogo hili vikafanana na vya gogo lile. Alipomaliza alivitandaza juu ya gazeti, akavioanisha kwa rangi, kama mtu anayeoanisha soksi. Wifi alikuwa palepale akila karanga. Aliona yote.

Jumamosi mchana wateja walikuja. Bi Msasa alisimama kwenye mlango wa kati, maranda yakiwa bado kwenye nywele. Mwalimu alivaa ya kwanza. Akakunja uso. Akageuza, kikombe cha kulia akakiweka kushoto. Akavaa ya pili.

"Mwimbaji amehamia upande mmoja," alisema. "Kama mtu aliyegombana na mkewe kitandani."

Kinyozi akajaribu. "Sikio hili besi tupu. Hili jingine linanipigia filimbi."

"Labda masikio yenu yana nta," alisema daktari wa meno, akavaa naye, akazivua upesi.

Fundi Waya alijikuna shingo. Kisha akasema, kwa upole kabisa, upole wa kumtangazia mtu ugonjwa: "Tusifichane. Ni mkono wa shemeji. Tangu kaka afariki hana utulivu wa kazi, na umri nao, mnajua. Mimi spika zangu ni nzima."

Wote watatu walimtazama Bi Msasa. Yeye alikwenda mezani, akachukua kikombe kilichokuwa hakijafungwa, akakiweka sikioni, akakwaruza. Akachukua mwenzake. Hapo hapo akajua.

"Hivi si ndugu," alisema. "Vyangu vilikuwa na alama ndani."

"Alama gani, shemeji?" Fundi Waya alimgeuzia ukingo, safi, unang'aa. "Onyesha."

Bi Msasa alimtazama wifi. Wifi alikuwa ameshughulika na punje ya karanga iliyomkwama jinoni.

"Si neno, mama," mwalimu alisema. "Hata mimi siku nyingine kidole kinakosa nyuzi."

Huruma hiyo ndiyo iliyomaliza kila kitu. Angetukanwa angejua la kujibu. Alirudi nyuma, akafagia. Alingoja hasira ije kama watu wanavyongoja maji ya bomba, haikutoka hata tone. Alipika, alikula, alifua. Mtu akimsalimia aliitikia. Mwilini hapakuwa na kitu.

Wiki iliyofuata Fundi Waya alimwambia atampumzisha kidogo. Vikombe atachukua kwa seremala wa barabara ya pili, mwenye mashine ya umeme. Yeye ashone mito ya masikio, kazi ya kukaa. Juu ya kerezo yakapangwa maboksi. Akashona. Watu wa mtaani waliokuwa wakimwita fundi wakaanza kumwita mama, na seremala mmoja alipopita alimuuliza, "Eti macho yamekukataa?" Jina hilo la fundi ndilo lililokuwa limepotea, wala si jingine: kazi ilikuwapo, lakini neno la shemeji lilikuwa limetembea kuliko yeye.

Siku moja Fundi Waya alisafiri kutafuta spika, siku mbili. Bi Msasa hakupanga chochote. Aliteremsha tu lile boksi la jozi sita zilizokataliwa, akakaa sakafuni na bisibisi.

"Wifi, unafanya nini?" wifi aliuliza.

"Natafuta ndugu."

Alivifungua vyote vilivyokuwa vimefungwa, skrubu nne kila kimoja. Alisugua mafuta kwa nje mpaka mistari ya mti ikaonekana, akawa anakiweka kikombe nyuma ya kingine, kitako kwa kitako. Gogo likikatwa, mstari unaoishia kwenye kipande cha chini huendelea kwenye cha juu. Akipata mistari inayoshikana alikwaruza kwa ukucha kuhakikisha. Jozi ya kwanza ilimchukua asubuhi nzima. Jioni akawa na tatu. Kesho yake mchana zikatimia sita, na mikononi alikuwa na malengelenge ambayo hakuyasikia.

Wifi alikuwa ameacha kula karanga. "Kumbe vilikuwa sawasawa," alisema.

"Ulijua."

"Wifi, na wewe. Ni kaka yangu. Ningesemaje mbele ya wageni?"

"Ungesema alisugua."

Wifi akasogea karibu. Alimshikia vikombe wakati wa kufunga skrubu, na hilo akaona limetosha.

Fundi Waya aliporudi alivaa mojawapo, akavua, akamtazama shemeji yake, akairudisha kwenye boksi. Siku mbili baadaye mwalimu akapita. Bi Msasa alikuwa nyuma ya pazia, sindano mkononi. Aliusikia ule ukimya wa mwalimu, akaujua.

"Amerudi katikati!" mwalimu alisema. "Fundi Waya, umefanyaje?"

"Nimekaa nazo, mwalimu. Nimezirekebisha mwenyewe. Kazi ya kichwa hii."

"Na yule mama?"

"Anapumzika. Tunamtunza."

Sindano iliingia kidoleni. Aliitazama ikiwa imesimama pale, akaichomoa, akaendelea kushona.

Jozi sita zilichukuliwa zote. Zikatakiwa nyingine, na vikombe vya seremala wa umeme vikafungwa. Vilifanana kama vifungo vya shati, ukuta mmoja kwa kila mti, mzito na mwepesi. Kinyozi alivaa, akazirudisha juu ya meza.

"Huyu anaimba ndani ya ndoo," alisema.

Jioni hiyo Fundi Waya aliondoa maboksi juu ya kerezo kwa mikono yake mwenyewe, akalipangusa vumbi, akaja hadi aliposhonea.

"Shemeji, pumziko limetosha sasa. Gogo zuri limekuja, la msaji. Ukiliona utafurahi."

"Sema kwanza."

"Niseme nini?"

"Unajua."

Alicheka kidogo, akamtazama dada yake amsaidie. "Shemeji, mambo ya ndani ya nyumba hayo. Si yameisha? Kerezo hilo hapo, nani amekukataza?"

"Yataisha ukisema."

"Basi nimekosa. Haya. Nimekosa, shemeji."

"Si kwangu. Mimi nilikuwapo, ninajua."

"Wifi, naye keshaomba radhi," wifi aliingilia. "Usimkalie kooni. Unataka amlambe mtu miguu?"

"Sitaki miguu. Waite watatu wale."

Fundi Waya alisonya, akatoka. Kwa mwezi mzima alirudi na maneno mbalimbali, mara ya upole, mara ya ukali. Mara moja alimleta mzee wa familia, naye akasema wanawake wa nyumba hii wana vichwa vigumu, akanywa chai akaenda. Bi Msasa alimkaribisha vizuri. Akiulizwa kama ana kinyongo alisema hana, na ilikuwa kweli; alijipekua ndani asikute kinyongo wala kitu kingine. Mito anaishona vizuri, mshono umelala, hakuna aliyewahi kuirudisha. Gogo la msaji limekauka mpaka limepasuka ncha.

Deni lenyewe si la fedha, na ni fupi. Fundi Waya anadaiwa awaite mwalimu wa muziki, kinyozi na daktari wa meno, na mbele yao, kwa sauti ileile ya upole aliyotumia siku ile, aseme: alama zilikuwapo, nilizifuta mimi, vikombe nilivichanganya mimi, na aliyevirudisha mahali pake ni mkerezaji. Wifi anadaiwa aseme, "Kweli, niliona." Hawajasema.