Bi Anjelina na Watoto wa Kuhesabika

"Umesikia? Yule mama wa Kimakonde anawahesabu watoto wa watu."

Mwamvita alinipa habari hiyo mlangoni kwangu, ndoo ya maji ikiwa kichwani. Hakuitua. Nyumba zilizobaki kupashwa habari zilikuwa nyingi na jua lilikuwa linapanda.

"Anawahesabu vipi?" nikamuuliza.

"Kwa kidole, mama Mwanaasha! Asubuhi wakiingia anawagusa utosini, mmoja, wawili, watatu. Mchana wakitoka anawagusa tena. Halafu wote anawachezesha vijiti vyeusi kutoka kwenye kopo. Mtoto wa Salumu juzi kaamka na homa. Sasa we jiulize."

Nikajiuliza. Mtoto wa Salumu alikuwa ameshinda juani akila embe mbichi kwa chumvi. Lakini embe zile zilikuwa za hapahapa Temeke, na Bi Anjelina ni mtu wa Newala, kwa hiyo mwenye kosa alijulikana.

Sie wa pwani mtoto hahesabiwi. Ukiulizwa unao wangapi, unajibu "wapo, Mungu kajaalia," basi. Ukitaja idadi umelipa jicho baya hesabu kamili, nalo litajua pa kupunguza. Hayo nimeyakuta na nimeyanyonya, siwezi kujifanya sikuyajua.

Bi Anjelina alikuja mjini kumfuata mumewe, mbeba mizigo wa Kurasini, ambaye sasa ni marehemu. Watoto wake walishakuwa wakubwa wakaondoka. Mwaka huo wa sabini na nne chama kilikuwa kinahimiza kila mtu ajitolee, na watu wa mtaani kwetu waliitikia sana kwa makofi. Aliyejitolea kweli alikuwa yeye. Akaomba chumba cha ofisi ya tawi, akaanza kuwafundisha wadogo wasiofika umri wa shule.

Vile vijiti vyeusi vilivyotutisha vilikuwa vipande vya mpingo. Kaka yake ni mchonga vinyago kule Mikocheni, na mabaki yake dada mtu huyasugua kwa mchanga mpaka yasichome kiganja cha mtoto. Nilikuwa napita pale nikienda bombani, na kila mara ndoo yangu ilipata uzito wa ghafla, ikabidi nipumzike karibu na dirisha.

Nilimwona siku moja, kabla ya uvumi ule, na Mauwa, binti wa Mwamvita, wa miaka mitano. Mauwa alisimama akatiririsha moja mpaka ishirini bila kumeza mate. Mie nikapiga kofi kimoyomoyo. Bi Anjelina akasema, "Vizuri. Haya, nipe vijiti vinne." Mauwa akamjazia konzi nzima.

"Umenipa vinne?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi viweke chini kimoja kimoja, nasi tuvione. Nne haimo mdomoni, mwanangu. Imo mkononi."

Wakaviweka. Ilichukua asubuhi nzima. Mie niliyemaliza darasa la saba sikuwahi kufundishwa hivyo. Sie tulifundishwa kwa fimbo, na nambari ziliingia kupitia mgongoni.

Na kuwagusa utosini? Mwezi wa kwanza tu mtoto mmoja alifuata lori la mchanga mpaka Kurasini, akarudishwa jioni na msamaria. Mama yake alikuwa hajajua kama kapotea. Tangu hapo Bi Anjelina akawa anahesabu. Hilo ndilo kosa lake.

Habari ya Mwamvita ilipomaliza kuzunguka, watoto ishirini na watatu walibaki kumi na mmoja. Hapo Mzee Jabiri, mwenyekiti wa tawi, akaja ameshika mikono nyuma.

"Dada Anjelina, darasa ni watoto ishirini. Chini ya hapo ni mkusanyiko. Jumatatu bibi maendeleo wa wilaya anakuja kuliona. Akikuta pungufu, chumba kinakuwa stoo ya viti."

Viti vyenyewe vya tawi vilikuwa vinne, kimoja hakina mguu.

Alhamisi sukari ikafika duka la ushirika, robo kilo kwa kila mtoto wa nyumba. Ungewaona akina mama! Wale wale wasiotaja idadi ya watoto wao, siku hiyo waliitaja kwa sauti ya kuvuka barabara. "Wangu saba!" "Mie wanane!" Jicho baya sijui lilikuwa wapi, labda nalo lilikuwa kwenye foleni.

Mwamvita akafika dirishani, Mauwa kamshika khanga. "Wangu tisa, muuzaji."

Mauwa akatazama juu. Akaanza kukunjua vidole, kimoja kimoja, akitaja ndugu zake kwa majina. Akamaliza.

"Mama, sie sita."

"Nyamaza, we mtoto!"

"Sita, mama. Tazama." Akainua vidole vyake mbele ya muuza duka, balozi wa nyumba kumi na foleni nzima.

Foleni ilicheka mpaka watu wakapoteza nafasi zao. Mwamvita akapewa sukari ya watoto sita, akaondoka akimburuta Mauwa na kumlaani Mmakonde na ukoo wake. Lakini akina mama waliobaki walinong'ona jambo jingine: mtoto wa namna ile ukimtuma dukani, nani atakuibia chenji? Imani ikalegea palepale. Kufika Jumamosi watoto walikuwa kumi na tisa.

Kumi na tisa. Mzee Jabiri akapita, akatazama dirishani, akaenda kumwambia kijana avitoe viti uani, tayari kwa stoo.

Mie mtoto wangu sikuwa nimempeleka hata siku moja. Nilisema ana mafua. Mafua ya miezi mitatu. Nimewacheka wenzangu wote hapa, lakini Mwanaasha ametanguliwa na wawili, wote wako makaburini, na mama yangu anasema kuna siku mgeni mmoja aliwahesabu.

Jumapili Bi Anjelina akaja kwangu akitokea kanisani, kavaa gauni lake la heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sikai." Alibaki amesimama. Mwanaasha akatoka ndani akamkumbatia goti, kama mtu anayemjua. Bi Anjelina hakumgusa. Mikono yake aliishika pamoja, mbali na kichwa cha mtoto.

"Najua habari ya wale wawili uliowazika," akasema. "Mie nimezika watatu, na hakuna aliyewahesabu."

Nikamvuta Mwanaasha karibu yangu.

"Kesho nimepungukiwa na mmoja. Mlete. Sitamgusa, sitamtaja. Lakini nakuomba uje naye wewe, mama yake, umshike mkono, na ikifika zamu yake uiseme ishirini kwa mdomo wako."