Mlinzi wa Babu

Imetangazwa rasmi kwamba kila mnyama anayewindwa kwa kibali huwalipia ulinzi wanyama wanaobaki. Tangazo hilo limebandikwa katika kituo cha askari wa wanyamapori, juu ya kitanda cha mzee mmoja aliyemlinda ndovu yuleyule kwa miaka kumi na tisa. Mzee alimwita ndovu huyo Babu. Wenzake walimtania kwamba Babu akifa, yeye ndiye mrithi.

Mwezi jana mkuu wa kituo alimwita.

"Mzee wangu, kibali kimetoka. Mgeni anamtaka Babu, na wewe ndiye unayejua anakokunywa maji."

"Na nikikataa, bosi?"

"Utakataaje? Hiyo ada ya kibali ndiyo mshahara wako."

Mzee akampeleka mgeni bwawani. Babu alinusa harufu aliyoizoea, akaendelea kunywa. Risasi moja ilitosha. Nyumbani mke wa mzee aliuliza mbona hagusi chakula. Akajibu kwamba ameshiba vumbi.

Jumatatu uliletwa mkataba wake mpya wa mwaka mzima, umegongwa muhuri. Kwenye sehemu ya majukumu karani hakuwa amebadilisha kitu: kumlinda ndovu dume aitwaye Babu.